Kiungo aliyebaki kwa sababu mwenzake hakuja: kisa cha Marcelo Brozović

Februari 11, 2018, Inter Milan waliikaribisha Bologna pale San Siro na kushinda 2–1. Kwa hali waliyokuwa nayo ulikuwa ushindi wa kumshukuru Mungu, maana walikuwa wametoka kwenye mechi nane za ligi bila kushinda hata moja. Lakini jioni ile gumzo halikuwa matokeo. Gumzo lilikuwa Marcelo Brozović, kiungo wao kutoka Kroatia, aliyezomewa pasi zake zilipopotea, na kocha Luciano Spalletti alipomtoa, kelele zikazidi. Badala ya kuinamisha kichwa na kwenda zake benchi, aliwageukia mashabiki akawapigia makofi. Hayakuwa makofi ya asante. Yalikuwa makofi ya kejeli, yale ambayo mtoto wa kwetu akimpigia mzazi wake, usiku huo analala njaa na haulizi kwa nini.

Spalletti alimkosoa hadharani. Na wala haikuwa siri kwamba klabu ilishakuwa tayari kuachana na kijana huyu. Siku chache kabla, kwenye dirisha dogo la usajili la Januari, Inter walikuwa karibu kabisa kumpeleka Sevilla kwa mkopo wenye kipengele cha kumnunua. Dili likafia mlangoni, na si kwa sababu kuna mtu aliyemtetea. Inter walimtaka kiungo Javier Pastore wa PSG ya Ufaransa aje kujaza nafasi, Pastore hakuja, wakaona hawawezi kubaki na upungufu wa viungo. Basi Brozović akabaki Milan kama kochi la zamani linavyobaki sebuleni kwa kuwa fundi hajaleta jipya.

Miezi mitano baada ya yale makofi, Julai 11, alikuwa Moscow kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Uingereza. Alicheza dakika zote 120, na kipimo cha umbali kikaonyesha amekimbia kilomita 16.3, nyingi kuliko mchezaji yeyote katika mechi moja ya michuano ile. Kroatia ikaingia fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Mtu ni yule yule. Miguu ile ile, hata sura ile ile isiyosema kitu. Kwa hiyo swali la kisa hiki ni kilibadilika nini kati ya Februari na Julai. Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni nidhamu: alikua, akapata akili, akaacha ujeuri. Mimi sikubaliani nalo. Kilichobadilika ni pale alipokuwa anasimama. Alirudishwa nyuma hatua kama ishirini, basi.

Namba nane asiyeeleweka

Brozović alizaliwa Zagreb Novemba 16, 1992. Alipitia Hrvatski Dragovoljac, kisha Lokomotiva, halafu mwaka 2012 akatua Dinamo Zagreb, klabu ambayo kwa Kroatia ni kama njia panda: karibu kila kiungo mwenye jina amepita hapo. Luka Modrić alipita, Mateo Kovačić akapita. Januari 2015 Inter wakamchukua Brozović kwa mkopo, na baadaye wakamnunua moja kwa moja. Kocha wakati huo alikuwa Roberto Mancini.

Miaka mitatu ya mwanzo Italia ilikuwa ya kupanda na kushuka. Alichezeshwa namba nane, yaani kiungo wa kati, akasogezwa mbele kuwa namba kumi, mchezeshaji wa nyuma ya mshambuliaji, mara nyingine akawekwa pembeni. Siku zake zikiwa nzuri alikuwa mtamu kweli. Oktoba 2017, ugenini kwa Benevento, alifunga mabao mawili na Inter wakashinda 2–1. Siku zikiwa mbaya, alionekana kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Mashabiki walimpa jina la Epic Brozo kwa mkao wake wa kushika kidevu huku uso umekauka, na kwa muda jina hilo lilikuwa maarufu kuliko soka lake.

Watu wanaosema nidhamu ndiyo iliyombadilisha husahau kwamba nidhamu ilishajaribiwa. Septemba 2016, baada ya Inter kufungwa 2–0 nyumbani na Hapoel Be'er Sheva ya Israeli kwenye Ligi ya Europa, kocha Frank de Boer alimweka nje ya kikosi. Alikaa nje, akarudi, akaendelea kuwa yule yule. De Boer ndiye aliyefukuzwa mwanzoni mwa Novemba. Kama fimbo ingekuwa dawa, ingemponya mwaka ule.

Ukiangalia kwa utulivu jinsi alivyokuwa anacheza mbele, tatizo linaonekana. Namba kumi, au namba nane anayecheza juu, hupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, katikati ya msitu wa miguu, na ana nusu sekunde ya kuamua. Brozović si mchezaji wa nusu sekunde. Ni mtu wa kupokea, kuinua kichwa, kutazama, kugusa tena ndipo apige. Kule mbele mguso wa pili ndio unaokupokonya mpira. Pia anapenda pasi ya hatari, ile ya kupenya kati ya watu wawili. Ikitokea juu mpira ukapotea, uwanja mzima unaguna. Ikirudiwa mara tatu, wanaanza kuzomea.

Jambo la ajabu ni kwamba hata wakati ule alikuwa akikimbia sana. Lakini mbio za namba kumi zisipopewa mpira hakuna anayeziona. Unakimbilia nafasi, mwenzako anapiga kwingine, unarudi. Mtu wa jukwaani anaona jamaa anayezurura.

Hatua ishirini

Machi 11, 2018, mwezi mmoja kamili baada ya makofi yale, Napoli walikwenda San Siro. Walikuwa Napoli ya kocha Maurizio Sarri, waliokuwa wakipigania ubingwa na Juventus, timu iliyokaa na mpira kuliko mtu yeyote Italia. Spalletti alimpanga Brozović chini, mbele ya mabeki, sambamba na Roberto Gagliardini. Mechi iliisha 0–0, na asiyeipenda Inter atakwambia haikuwa na lolote. Lakini wiki iliyofuata wakaenda Genoa kucheza na Sampdoria wakaondoka na mabao matano kwa bila, Mauro Icardi akifunga manne. Kutoka hapo Brozović hakuondoka tena kwenye kiti kile.

Waitaliano humwita mchezaji wa nafasi ile regista, neno lile lile wanalomwitia mwongozaji wa filamu. Huku kwetu tunasema namba sita, na wachambuzi wetu wana jina jingine la mapenzi, kiungo punda. Ila Brozović hakuwa punda wa aina ile tuliyoizoea, wa kukata miguu na kufyeka kila kinachopita. Katika kukaba alikuwa wa kawaida tu, wala kadi za njano hazikumpita. Ubora wake ulikuwa kwingine. Akiwa chini uwanja wote uko mbele ya macho yake. Mguso wa pili uliokuwa dhambi kule juu, huku chini ni haki yake, kwa sababu kuna mita kadhaa kati yake na adui wa kwanza. Pasi ile ya hatari nayo sasa ina njia nne badala ya moja: kwa winga, kwa beki wa pembeni aliyepanda, kwa straika aliyeshuka, au kurudi kwa beki wa kati kisha kuanza upya.

Na zile mbio zikapata kazi. Namba sita anayechezesha timu anatakiwa ajionyeshe kila mara mwenzake anapokuwa na mpira: beki wa kulia anabanwa, upo, wa kushoto anabanwa, upo. Mtu wa kawaida akifanya hivyo dakika 60 anaanza kuona nyota. Brozović alikuwa na mapafu ya kufanya hivyo dakika 90, na ikibidi 120. Kipaji hiki alikuwa nacho tangu zamani, ila hakikuwa na pa kukaa.

Tumpe Spalletti haki yake, maana kuhamisha watu ndiyo fani yake. Ndiye aliyemchezesha Francesco Totti kama mshambuliaji wa kati asiye wa kati pale Roma msimu wa 2005–06, na ndiye aliyempandisha Radja Nainggolan kuwa namba kumi miaka kumi baadaye. Lakini tusimfanye nabii. Hadi Januari alikuwa tayari kumwona Brozović akiondoka. Alimshusha chini kwa sababu Inter ilikuwa imekwama, kiungo mwenzake Borja Valero alikuwa na akili ya mpira lakini miguu ilishaanza kumgomea, na Matías Vecino hakuwa mtu wa kuchezesha. Kuja kwa Rafinha kutoka Barcelona nako kulisaidia, kwa sababu nafasi ya namba kumi ikapata mwenyewe. Hapo ndipo ilipobaki hesabu moja tu ya kujaribu.

Mei 20, siku ya mwisho ya ligi, Inter walikwenda Roma kucheza na Lazio. Mshindi anaingia Ligi ya Mabingwa, na Lazio sare ingewatosha. Lazio waliongoza mara mbili. Vecino akapiga kichwa dakika ya 81, Inter wakashinda 3–2. Timu zote mbili zikamaliza na pointi 72, na Inter wakapita kwa matokeo ya wao kwa wao. Walikuwa hawajaonja Ligi ya Mabingwa tangu msimu wa 2011–12.

Dalić anasoma daftari la mwenzake

Zlatko Dalić, kocha wa Kroatia, alikuwa na shida inayofanana na ya Inter, ila yake ilikuwa shida ya tajiri. Alikuwa na Modrić wa Real Madrid na Ivan Rakitić wa Barcelona, wote wakitaka mpira, na hana mtu wa kubaki nyuma yao. Mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia, dhidi ya Nigeria, aliwapanga hao wawili chini. Walishinda 2–0, lakini Modrić alicheza mbali na goli, kama mpishi mkuu aliyewekwa kuosha vyombo. Brozović aliingia akitokea benchi.

Mechi ya pili, Juni 21, Nizhny Novgorod, dhidi ya Ajentina ya Lionel Messi, Dalić alimwanzisha Brozović chini na kuwasogeza wakubwa hatua chache mbele. Matokeo yanajulikana: 3–0. Bao la pili, lile shuti la Modrić la mbali, lilitanguliwa na pasi ya Brozović. La tatu alifunga Rakitić. Hao waliofunguliwa minyororo ndio walioziona nyavu.

Dalić hakuung'ang'ania mpango huo kila siku. Dhidi ya Urusi kwenye robo fainali alianza tena na Modrić na Rakitić chini, akaona mambo hayaendi, akamwingiza Brozović kipindi cha pili, na papo hapo Modrić akapanda juu na mchezo ukageuka upande wa Kroatia. Kwangu mimi mabadiliko yale ni ushahidi mzito kuliko kilomita 16.3. Zile kilomita zinaonyesha bidii tu. Ya Urusi inaonyesha kwamba kuingia kwake kunabadilisha kazi ya watu wengine wawili.

Fainali ya Julai 15 haikumwendea vizuri. Mwamuzi aliona amemchezea vibaya Antoine Griezmann, japo mpaka leo wapo wanaosema Griezmann alianguka kabla ya kuguswa, na mpira ule wa adhabu ndio uliomgonga Mario Mandžukić kichwani ukaingia golini kwao. Ufaransa wakashinda 4–2. Modrić akachukua tuzo ya mchezaji bora wa michuano na mwisho wa mwaka Ballon d'Or. Sitaki kusema alistahili kugawana na mtu. Ila tazama tena alivyocheza dhidi ya Nigeria, kisha dhidi ya Ajentina, useme ni nani aliyekuwa nyuma yake.

Mamba wa Camp Nou

Hapa nichepuke kidogo. Oktoba 24, 2018, Inter walikuwa Camp Nou. Barcelona wakapata mpira wa adhabu karibu na eneo la hatari, Luis Suárez akajiandaa. Miaka ile wapigaji walishagundua kwamba ukuta huruka, hivyo mpira unapitishwa chini ya miguu. Brozović alikimbia akajilaza chini nyuma ya ukuta, ubavu kwa ubavu na nyasi. Ukuta ukaruka, Suárez akapiga chini kama alivyokusudia, mpira ukamkuta Brozović. Inter walifungwa 2–0 usiku ule, lakini picha iliyobaki ni ile. Italia wakamwita mamba. Leo mtu kulala nyuma ya ukuta ni jambo la kila wikiendi, mpaka kwenye viwanja vya vumbi ambako anayejilaza ni yule aliyevaa jezi safi kuliko wenzake.

Naitaja kwa sababu inasema kitu kuhusu madai ya ujeuri. Mtu asiyejali timu hajilazi mbele ya buti la Suárez.

Bei ya kiti

Kocha Antonio Conte alikuja 2019 na mfumo wa mabeki watatu, akamwacha Brozović pale pale katikati, na mwaka 2021 Inter wakachukua Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mara ya kwanza tangu 2010. Simone Inzaghi, kocha aliyemfuatia Conte, akamtegemea zaidi. Wapinzani nao wakaamka: wakaanza kumkabidhi mtu mmoja kazi ya kumfuata popote. Brozović alijibu kwa kuondoka. Alitembea hadi pembeni au akashuka katikati ya mabeki, mlinzi wake akamfuata, na kule alikotoka Nicolò Barella au beki Alessandro Bastoni akapita na mpira. Hata asipougusa alikuwa anachezesha.

Msimu wa 2021–22 ulionyesha thamani yake kwa njia chungu. Februari 20 alikuwa anatumikia adhabu ya kadi; Inter wakafungwa 2–0 nyumbani na Sassuolo. Machi akaumia, wakatoka sare 1–1 na Torino, kisha 1–1 na Fiorentina. Mechi tatu bila yeye, pointi mbili kati ya tisa. Ubingwa ukaenda kwa AC Milan kwa pointi 86 dhidi ya 84. Najua ligi ina mechi 38, na kosa la kipa wa Inter, Ionuț Radu, kule Bologna limezungumzwa zaidi, ila hesabu hizi tatu mimi zinanisumbua kuliko lile kosa. Klabu iliyomtegemea mtu mmoja kiasi kile haikuwa na mbadala wake, na hilo ni kosa la mipango, halimhusu kipa. Machi ule ule wakamwongezea mkataba hadi 2026, na kiangazi wakamleta Kristjan Asllani kutoka Empoli awe msaidizi.

Halafu mambo yakageuka kwa namna ambayo aliyeandika kisa hiki tangu mwanzo angetabasamu. Septemba 2022, akiichezea Kroatia dhidi ya Austria mjini Vienna, Brozović aliumia paja. Inzaghi, bila mtu mwingine wa kumwamini, alimshusha Hakan Çalhanoğlu, namba kumi wa Kituruki, chini mbele ya mabeki. Oktoba 4 Inter wakaifunga Barcelona 1–0, mfungaji Çalhanoğlu. Unaona? Ni dawa ile ile ya 2018, mgonjwa mwingine. Mchezeshaji wa juu anashushwa kwa sababu hakuna mtu, na kumbe hapo ndipo nyumbani kwake. Brozović aliporudi alikuta kiti kimekaliwa. Kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Istanbul, Juni 10, 2023, walianza wote wawili, Inter wakafungwa 1–0 na Manchester City, na mwezi uliofuata Inter wakamuuza Al-Nassr ya Saudia kwa euro takriban milioni 18.

Bei ile ililalamikiwa na mashabiki, wale wale wa San Siro waliomzomea miaka mitano nyuma. Kibiashara ilikuwa na maana: alikuwa anakaribia miaka 31, mshahara mkubwa, mbadala yupo na ni wa bure. Mimi ningemwacha aondoke pia, ingawa ningesikitika. Riyadh alimkuta Cristiano Ronaldo, Sadio Mané akafuata baadaye, na kabla ya Agosti kuisha alikuwa na Kombe la Vilabu la nchi za Kiarabu mkononi.

Kwa upande wa taifa alikuwa bado na mambo. Desemba 5, 2022, huko Qatar, dhidi ya Japani kwenye hatua ya 16 bora, alikimbia kilomita 16.7 na kuivunja rekodi yake mwenyewe ya Moscow, kisha akafunga penalti yake kwenye mikwaju. Siku nne baadaye, Kroatia ikiwa nyuma 1–0 kwa Brazili, Dalić alimtoa dakika ya 114 na kumwingiza Mislav Oršić. Dakika tatu hazijaisha vizuri, Oršić akatoa pasi na Bruno Petković akasawazisha. Hiyo nayo imo kwenye kisa: timu inapohitaji bao tu na saa inakimbia, anayechezesha kutoka chini ndiye wa kwanza kutolewa, na kocha anakuwa sahihi. Mechi ya nusu fainali dhidi ya Ajentina aliondoka mapema kipindi cha pili akiwa ameumia, na medali ya shaba akaipata akiwa nje.

Euro 2024 iliishia Leipzig, ambako Italia ilisawazisha dakika ya 98 na kuzima ndoto za Kroatia. Agosti mwaka ule Brozović akatangaza kuachana na timu ya taifa. Mechi moja zaidi, hata ya kirafiki, hata ya dakika kumi za kuagwa, ingemfikisha 100. Aliacha na 99.